Gari Jipya la Dizeli la Kwendea Kazini Nairobi: Namna ya Kuamua Kabla ya Kulipa

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi hapa Nairobi, na wengi wanaonijia siku hizi wanataka kujua kama gari jipya la dizeli, lile linalosifiwa kwa kutumia mafuta kidogo, litawapunguzia gharama ya kwenda kazini. Jibu hutegemea zaidi barabara unayopita kila asubuhi kuliko gari lenyewe. Kwa hiyo ninakuomba ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiende kwenye yadi kabla ya kumaliza mbili za mwanzo.

Hatua ya 1: Pima safari yako

Kwa wiki moja ya kawaida, andika kilomita unazokwenda na muda unaotumia, asubuhi na jioni. Ukigawanya kilomita kwa saa utapata wastani wa mwendo wako, na tarakimu hiyo ina uzito kuliko yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

Sababu yake ni masizi. Injini za kisasa za dizeli zina kichujio kwenye bomba la moshi kinachonasa masizi ili yasitoke hewani, na kichujio hicho kinapojaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo ili moshi upate joto la nyuzi kama 600 na kuyachoma. Kazi hiyo huhitaji gari liende mwendo mzuri usiokatizwa kwa dakika kumi hadi ishirini hivi. Mtu anayetoka Juja kwa barabara ya Thika kabla ya foleni kukaza, au anayetoka Athi River na kupanda barabara ya kulipia ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, hulipatia gari nafasi hiyo bila kufikiria. Anayetoka Kilimani hadi Upper Hill hafiki mbali; injini haijapata joto vizuri naye ameshaegesha. Akizima gari katikati ya uchomaji, dizeli ile ya ziada ambayo haikuungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Hali hiyo unaweza kuiona kwa macho kwenye gari la dizeli lililokwisha kutumika. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena. Oili ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho ilhali hakuna aliyeiongeza, na ukiinusa ikanuka dizeli, ujue gari hilo limekuwa likiishi kwenye foleni. Oili iliyochanganyika hivyo huwa nyepesi na hailindi tena turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, wala beringi zake. Kwa sababu hiyo, ikiwa safari yako ni fupi na ya kusimamasimama, ninakushauri kwa dhati uachane na dizeli na uangalie gari dogo la petroli au la haibridi, yaani la petroli na umeme, ambalo huzima injini yake lenyewe foleni inaposimama.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Ikiwa safari yako ni ndefu na inafunguka, linganisha gharama. Bei za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi, hivyo tumia bei iliyopo siku unayopiga hesabu. Hapa nitachukua shilingi 170 kwa lita kwa aina zote mbili ili kurahisisha mfano. Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ambazo ni kilomita 15,840 kwa mwaka. Gari la petroli linalokwenda kilomita 11 kwa lita litatumia lita 1,440, na la dizeli linalokwenda kilomita 15 litatumia lita 1,056. Umeokoa lita 384, yaani shilingi 65,280. Ikiwa gari la dizeli limezidi lenzake kwa shilingi 400,000, itakuchukua zaidi ya miaka sita kurudisha tofauti hiyo, kabla hujahesabu huduma wala ada ya barabara ya kulipia. Kwa anayekwenda kilomita 20 tu kwa siku, miaka hiyo inapita kumi na minane.

Usitumie tarakimu za kilomita kwa lita zilizopimwa kwenye maabara. Muulize mwenye gari kama hilo anayepita barabara yako.

Hatua ya 3: Panga utakapojazia mafuta na oili utakayotumia

Tangu 2015 dizeli yetu inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, jambo lililofungua mlango kwa injini hizi. Tatizo lililobaki ni uchanganyaji. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu wachuuzi walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala injekta, vile vipuri vinavyopuliza mafuta ndani ya injini, kama dizeli inavyofanya, na vipuri hivyo ni ghali mno. Chagua kituo kimoja chenye wateja wengi na utunze risiti.

Oili nayo isiwe yoyote tu. Injini yenye kichujio huhitaji oili yenye majivu kidogo, kwa kawaida iliyoandikwa ACEA C3 au ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, maana majivu ya oili ya kawaida hubaki kichujioni na hakuna joto litakaloyachoma.

Hatua ya 4: Uliza juu ya huduma kabla ya kulipa amana

Mwombe muuzaji akuandikie bei ya kichujio, ya injekta moja na ya huduma ya kila awamu, na aeleze kama waranti inafidia kichujio kilichoziba kwa sababu ya safari fupi. Asiyetaka kuandika, mwache.

Kuna mafundi watakaokuambia kwamba kichujio kikisumbua wanaweza kukitoboa au kukitoa kabisa. Kataa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na watakaouvuta kwanza ni watembea kwa miguu na wachuuzi wa kando ya barabara ile ile unayopita. Ukiangalia gari lililokwisha kutumika, ingiza kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi likiwa limepoa na ukizungushe: kikitoka na masizi meusi mazito, kichujio kimepasuka au hakipo, na gari hilo usilinunue kwa bei yoyote.