Kabla hujafika Bhuj

Bhuj, kaskazini magharibi mwa India, ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kutch tangu 1549 hadi 1948, serikali ya India ilipoushika utawala. Sisi wa pwani tunaujua bila kujijua. Mabohora, Makhoja na Mabhatia wengi, Wahindi waliofungua maduka Unguja na Mombasa, asili yao ni Kutch. Hata Jairam Shivji, aliyekodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Unguja enzi za Seyyid Said, kwao ni Mundra, bandari ya ufalme huohuo. Basi maandalizi yaanzie nyumbani: kama una jirani mwenye asili ya huko, muulize wazee wake walitoka kijiji gani, ukiandike. Viunga vya Bhuj vina vijiji kama Madhapar ambako familia nyingi zina ndugu Afrika Mashariki, na usishangae mzee akikujibu kwa Kiswahili.

Viza huombwa mtandaoni mapema. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha homa ya manjano, na chanjo awe ameichoma siku 10 kabla ya kufika. Bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, safari ikaharibika. Chukua na adapta, maana plagi zetu za meno bapa haziingii kwenye soketi zao. Gujarat, jimbo lenye mji wa Bhuj, pombe ni marufuku.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, na kutembea mji wa kale mchana ni kujitesa. Wakati wa masika yao, jangwa la chumvi la Rann hufunikwa na maji. Hata hivyo masika yana raha yake: ziwa Hamirsar, lililo katikati ya mji, likijaa hadi kufurika, mji hupewa mapumziko na watu hugawiana vitamu. Katika nchi kame kama ile, furaha hiyo naielewa kabisa.

Majumba mawili ya kifalme yako ua mmoja. Uliza siku za kufungwa kabla hujapanga siku zako. Ukiwa na saa moja tu, ingia Aina Mahal, Jumba la Vioo, lililojengwa katikati ya karne ya 18 chini ya Rao, yaani mfalme, Lakhpatji. Fundi wake, Ram Singh Malam, alikuwa baharia aliyejifunza ufundi wa vioo na vigae Uholanzi. Hilo "Malam" ni cheo cha mwongoza chombo, shina moja na maalimu wetu. Tazama chini pia, kwenye vigae vya buluu na nyeupe, kisha uingie chumba cha chemchemi: jukwaa dogo limezungukwa na maji, na hapo Rao alikaa katika ubaridi akisikiliza mashairi. Huyu ndiye mtawala aliyeanzisha shule ya kufundisha washairi. Jirani yake, Prag Mahal, lilianza kujengwa 1865 kwa mtindo wa Kizungu. Ni kubwa kuliko mwenzake, lakini moyo wangu uko kwenye vioo.

Utaona nyufa na sehemu zilizoanguka. Asubuhi ya 26 Januari 2001 tetemeko la kipimo cha 7.7 liliua zaidi ya watu 13,000 Gujarat, wengi wao wa Kutch. Anayekupokea huenda amezika mtu siku ile, hivyo usiulize kijuujuu. Panda kwanza kilima cha Bhujia, kwenye bustani ya kumbukumbu ya Smritivan iliyofunguliwa 2022, usome majina ya waliokufa.

Bakiza siku moja kwa Mandvi, kilomita 60 hivi kusini. Kando ya mto Rukmavati mafundi bado wanaunda vyombo vya baharini vya mbao, na kile wanachokiita kotia, sisi nasi tunakiita kotia.