Somo: Kuongeza soketi katika trela la kulala bila kuunguza nyaya

Trela tunalolala wakati wa kununua asali huko Sikonge liliundwa Uingereza, na boksi lake la umeme lina breka kuu inayohisi umeme unaovuja (miliampia 30), breka ya ampia 6 ya friji na chaja, na breka ya ampia 10 ya soketi. Msimu uliopita tuliongeza hita ya wati 1,500 ya kulainisha asali iliyoganda. Kila ilipowashwa pamoja na birika la wati 2,000, breka ya soketi ilijikata baada ya muda, hadi fundi mmoja akaiondoa na kufunga ya ampia 20. Breka ilitulia, lakini baada ya wiki mbili tulianza kusikia harufu ya plastiki nyuma ya mbao za ukuta.

Ukigawa wati 3,500 kwa volti 230 unapata ampia 15.2, mzigo ambao breka ya ampia 20 haiuoni kuwa tatizo, ilhali waya wa milimita 1.5 za mraba uliobanwa ndani ya ukuta usiopitisha hewa hauwezi kuubeba kwa muda mrefu. Breka hulinda waya, wala hailindi hita. Kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa kutazama waya.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa kebo ya nje, kuzima jenereta, kufungua waya hasi wa betri, kisha kupima kwa mita ambayo umeijaribu kwanza mahali penye umeme. Tesita ya bisibisi mimi siiamini kwa kazi hii.

Hatua ya pili, fuatilia kila waya hadi kwenye breka yake na uandike jina pembeni. Kahawia ni laivu (unaoleta umeme), buluu ni nyutro (unaourudisha), kijani chenye mstari wa njano ni ethi (wa ardhini, wa usalama).

Hatua ya tatu, rudisha breka ya ampia 10 kwenye njia ya zamani, ukibadilisha waya wowote ulioungua, kisha pitisha njia mpya ya hita peke yake: waya wa milimita 2.5 za mraba wenye breka yake ya ampia 10. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, kwa sababu trela hutikisika mno katika barabara za vumbi na waya mgumu hulegea kwenye skrubu. Kumbuka kwamba kiingilio cha nje ni cha ampia 16, yaani wati 3,680 kwa vyombo vyote; birika na hita vikiwaka pamoja, friji haina nafasi.

Mwisho, kaza skrubu, washa, na ubonyeze kitufe cha T (cha kujaribu) kilicho kwenye breka kuu: lazima ijikate mara moja.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kaliua: Trela langu limetoka Marekani. Je, nibadilishe plagi tu?
Jibu: Hapana. Hilo ni la volti 120, na humo waya mweusi ndio laivu, mweupe ni nyutro. Ukiliunganisha na volti 230 utaunguza vyombo vyote. Unahitaji transfoma inayotosha mzigo.

Mwanachama wa Urambo: Nina breka ya nyumbani iliyobaki. Naweza kuifunga kwenye betri ya volti 12?
Jibu: Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche ndani ya breka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri, kwa hiyo usiitegemee breka hiyo humo. Weka fyuzi ya magari karibu kabisa na betri.

Mwanachama wa Nzega: Ninatumia jenereta, na kitufe cha T kinafanya kazi. Je, niko salama?
Jibu: Si lazima. Kitufe hupima breka yenyewe tu. Ikiwa nyutro ya jenereta haikuunganishwa na ethi, umeme unaovuja hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, na breka inaweza isijikate. Muunganiko huo hufanywa kwenye jenereta, kamwe si ndani ya trela, na si kila jenereta huukubali. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) akiwa na kitabu cha jenereta yako mkononi.