Kumwambia baba unampenda bila kumtia aibu

Baba yangu yuko Muheza, mimi niko Dar. "Nakupenda" nilimtamkia mara moja tu, kwenye simu. Akauliza, "Umeishiwa hela?" Tangu hapo nimebadili njia.

Piga simu siku ambayo huna shida. Baada ya shikamoo, muulize jambo analolijua kuliko wewe. Mimi huuliza michungwa: imeanza kutoa maua? Hapo ataongea nusu saa, kazi yako ni kusikiliza. Ukituma pesa, weka na ya kutolea, umwambie ni ya kahawa yake barazani, si ya matumizi ya nyumbani. (Mama ana fungu lake, usichanganye.)

Ukienda kumwona, mkate kucha za miguu. Mloweke kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maana kucha za mzee ni ngumu kama kifuu. Mara ya kwanza baba alikataa, eti yeye si mtoto. Nikakaa mkekani na wembe wangu, kimya. Baadaye akanyoosha mguu mwenyewe. Siku hizi nikikawia kwenda, yeye ndiye anayepiga: "Kucha zimerefuka."