Jinsi ya kutengeneza katuni fupi ya watoto wa wanyama wanaojifunza mambo ya utotoni

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mmoja wa chekechea kutengeneza katuni ya dakika mbili kwa kompyuta ya kawaida. Nachukulia kwamba unajua kuchora kidogo na kusakinisha programu, kwa hiyo huko sitapita. Utahitaji simu ya kurekodia sauti. Kibao cha kuchorea ni kizuri ukiwa nacho, ila kwa njia ninayoifuata mimi hata kipanya kinatosha.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja linaloonekana kwa macho

"Adabu", "upendo" na "ushirikiano" ni maneno ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu au minne haoni adabu. Anaona ndoo imetoka mkono huu imeenda mkono ule. Andika somo lako kwa kitenzi: kuomba kabla ya kuchukua kitu cha mwenzako, kungoja zamu, kulala taa ikiwa imezimwa. Kisha liigize bila kusema neno. Likishindikana, tafuta jingine. Nitaendelea na hilo la kuomba: mmoja anachukua ndoo ya mwenzake bila kuomba.

Hatua ya 2: Wanyama watatu, basi

Mmoja anakosea, mmoja anakosewa, wa tatu anatazama na kuuliza swali ambalo mtazamaji mwenyewe analo. Wape kichwa kikubwa, macho yaliyoshuka chini ya nusu ya uso na miguu mifupi. Urefu wote usizidi vichwa vitatu. Hapo hata mamba anaonekana mtoto. Kisha wapake weusi mtupu. Usipoweza kuwatofautisha kwa kivuli, rudia.

Sungura na fisi ningewaacha. Ngano zimeshawagawia kazi zao, sungura ujanja na fisi ulafi, na aliyekulia kwenye paukwa-pakawa atamhukumu fisi kabla hajaigusa ndoo. Mimi nina tumbili kwa sababu ya mikono, kobe kwa sababu ya gamba, na ndama wa tembo kwa sababu maswali yake yanaweza kuulizwa kwa mkonga tu.

Hatua ya 3: Tengeneza mgeuko

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mgeuko ni pale aliyekosea anapobadilika. Waandishi wengi humleta bundi mzee au mama mtu, anasimama katikati ya skrini na kueleza somo, wadogo wanaitikia "ndiyooo", muziki unapigwa. Mfute huyo bundi. Mtoto anayetazama ameshaangalia pembeni, na wahusika wako hawajajifunza chochote, wameambiwa tu. Wadogo wajifunze wenyewe kwa wenyewe.

Angalia pia mgawo wa muda. Ukitumia sekunde 90 kuonyesha kunyang'anya na sekunde 10 kuonyesha kuomba, umetengeneza katuni ya kunyang'anya. Utafiti wa Mares na Acosta wa mwaka 2008 uliwaonyesha watoto wa chekechea katuni iliyohusu kuwakubali walio tofauti nasi, kupitia mbwa mwenye miguu mitatu. Wengi hawakulipata somo hilo pana. Waliishia kwenye kuwatendea wema mbwa wa miguu mitatu. Kwa hiyo kosa likae muda mfupi, kurekebisha kukae muda mrefu, na ikiwezekana kurudiwe mara mbili kwa vitu viwili tofauti, ili mtoto asidhani jambo lenyewe ni la ndoo.

Adhabu nayo ina mtego wake. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha hadithi mashuhuri zinazohusu uongo na ukweli. Zile ambazo mwongo anapatwa na mabaya hazikuwafanya watoto waseme ukweli zaidi. Iliyofanya hivyo ni ile ambayo msema kweli anasifiwa. Basi tumbili asianguke mtini kwa sababu ya kuchukua ndoo. Mwonyeshe anachokipata akiomba.

Halafu kuna suala la wanyama wenyewe. Utafiti wa Larsen, Lee na Ganea, waliowasomea hadithi watoto wa miaka minne hadi sita, uliona kwamba waliosomewa hadithi yenye wahusika binadamu ndio walioongeza ukarimu, si waliosomewa ya wanyama. Lakini miongoni mwa waliosomewa ya wanyama, wale waliowaona wanyama hao kama watu zaidi ndio waliogawa zaidi. Mimi sikuwaacha wanyama kwa ajili hiyo. Nilichofanya ni kuhakikisha shida yao ni shida ya mtoto hasa, ya ndoo na mchanga, si ya simba kumfukuza swala.

Mgeuko wetu ukawa hivi. Tumbili anachukua ndoo nyekundu ya kobe. Kobe halii, anaingia gambani, tundu linabaki jeusi. Tumbili anajaza mchanga, anaipindua ndoo, kasri linasimama, anageuka kumwonyesha mtu. Hakuna mtu, kuna gamba. Ndama ananusa tundu kwa mkonga, anamtazama tumbili. Tumbili anaisukuma ndoo mpaka mbele ya gamba, anarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. "Naomba?"

Hapo weka kimya cha sekunde mbili kamili: fremu 48 (fremu ni picha moja tuli ya filamu) ambazo hakuna kinachotembea isipokuwa kope za tumbili. Utatamani kuzikata. Usizikate, kwa maana ndizo zinazompa mtoto nafasi ya kujibu kabla ya kobe. Kichwa kinatoka taratibu, na kobe anasema, "Ngoja nimalize."

Ndiyo, anakataa kwanza. Kuomba kusikokubali jibu la hapana ni kunyang'anya kwa sauti ya upole. Tumbili anangoja, anasaidia kubeba mchanga, kisha ndoo inakuja. Baadaye yeye na ndama wanarudia jambo lilelile kwa jembe dogo, kwa haraka zaidi.

Hatua ya 4: Rekodi sauti kabla ya kuchora

Kabla. Mchoro unaifuata sauti, na anayefanya kinyume atachora mara mbili. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia na magodoro, kisha safisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni bure. Watoto halisi wana sauti nzuri kuliko watu wazima wanaobana pua. Asiyejua kusoma mtamkie mstari mmojammoja naye arudie. Chukua rudio ambalo amekosea kidogo.

Hatua ya 5: Michoro tuli juu ya sauti

Mchoro mmoja kwa kila tukio, ovyoovyo kwa penseli, panga juu ya sauti, tazama. Panapochosha, punguza sasa hivi.

Hatua ya 6: Kuchora na kusogeza

Sekunde moja ina fremu 24. Hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi, dakika mbili ni michoro 1,440. Kwa mtu mmoja hilo ni balaa. Chora viungo mara moja (kichwa, kiwiliwili, mikono, macho), kila kimoja kwenye tabaka lake, kisha visogeze.

Nachora kwa Krita na kusogeza kwa OpenToonz, iliyofunguliwa kwa umma bure mwaka 2016 na inayotokana na Toonz ambayo Studio Ghibli waliitumia. Madirisha yake yanavuruga akili mwanzoni, vumilia. Programu za mtandaoni zenye wanyama waliokwisha kuchorwa sizitaki: tumbili wako atakuwa tumbili wa kila mtu.

Kwa midomo, Kiswahili kimetupendelea. Irabu ni tano na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Chora a, e, i, o, u, mdomo uliofumbwa wa m, b na p, na meno juu ya mdomo kwa f na v. Mdomo ufumbwe fremu moja au mbili kabla ya sauti kusikika, la sivyo utaonekana umechelewa. Kobe hana midomo kama yetu, ana kitu kama mdomo wa ndege. Mfungue na kumfunga tu, inatosha.

Hatua ya 7: Kasi

Usibadilishe picha kila sekunde. Lillard na Peterson mwaka 2011 waliona watoto wa miaka minne, baada ya dakika 9 tu za katuni ya mwendo wa kasi, wakifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya umakini na kujizuia kuliko waliokuwa wakichora. Muziki nao uzime kabisa kwenye zile fremu 48.

Hatua ya 8: Jaribu kwa watoto

Waonyeshe wawili au watatu, mmojammoja. Usiulize "umejifunza nini?" kwa sababu watakujibu wanachodhani unataka. Uliza "kulitokea nini?" Mtoto akikuambia tumbili alichukua ndoo, akanyamaza, rudi hatua ya 3 upunguze kosa. Akikuambia kobe alisema ngoja, halafu akampa, toa faili ya video ya MP4 yenye ukubwa wa pikseli 1920 kwa 1080 na fremu 24 kwa sekunde.