Somo: Kupandisha bei milioni moja kwa Python bila kuielemea RAM

Wengi wetu hapa Mwanza tunajifunzia laptopu za mtumba zenye RAM ya GB 4, kwa hiyo usiulize kasi tu; uliza na memori. Chukua bei 1,000,000 za samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, tuzipandishe kwa asilimia 5.

Hatua ya 1. Ita `import tracemalloc`, moduli ya Python ya kupima memori, washa `tracemalloc.start()`, ndipo utengeneze orodha:

`bei = [5000.0 + i for i in range(1000000)]`

Usifupishe kwa `[5000.0] * 1000000`. Hapo nafasi zote zinaelekeza kwenye namba moja, kama wateja milioni wanaomsonta sato mmoja, na vipimo vyako vitakuwa uongo. Mimi kosa hilo lilinila jioni nzima.

Hatua ya 2. Jaribu kubadilisha humo humo:

`for i in range(len(bei)): bei[i] = bei[i] * 1.05`

Kisha, kwa orodha iliyoanzishwa upya:

`bei = [b * 1.05 for b in bei]`

Hatua ya 3. Baada ya kila njia, soma kilele cha memori kwa `tracemalloc.get_traced_memory()`.

Hatua ya 4. Muda upime kando, tracemalloc ikiwa imezimwa, maana inachelewesha programu. Tumia `time.perf_counter()`, rudia mara tano, chukua muda mfupi kuliko yote. Na chomeka chaja: kwenye betri laptopu nyingi hupunguza mwendo.

Njia ya pili kwa kawaida hutangulia kwa kasi. Ila kila namba ina baiti 24, na nafasi yake kwenye orodha baiti 8, yaani takribani MB 32 kwa milioni. Na kwa muda unashika orodha mbili, MB 64. Ya kwanza inabaki karibu na 32, kwa kuwa namba ya zamani inaachiwa mpya ikikaa.

Maswali

*Mwalimu, nikiandika `bei[:] = [b * 1.05 for b in bei]` si nitaokoa memori?*
Hapana, ndugu yangu. Upande wa kulia unajengwa wote kwanza.

*Kaka, mimi natumia simu. Hata hiyo 32 ni nyingi.*
Tumia `array('d')` ya moduli ya `array`, inayohifadhi namba tupu badala ya orodha ya kawaida: baiti 8 kwa namba, MB 8 zote. Lupu haitakimbia zaidi, lakini. Ukitaka vyote viwili, weka NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, geuza `bei` kuwa array yake, uandike `bei *= 1.05`.

*Na nikitoa rekodi ya mwanzo kila mara, kwa `pop(0)`?*
Zote zilizobaki zinasogezwa nafasi moja. Chukua `deque` ya moduli ya `collections`, foleni inayotoa haraka mwanzo na mwisho, utumie `popleft()`.