Namna ya kuandika maoni kuhusu Mswada wa Fedha yakasomwa

Nchini Kenya, Mswada wa Fedha, unaobeba mapendekezo ya ushuru, hufikishwa katika Bunge la Taifa kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Nafasi ya mwananchi iko katikati hapo, nayo ni finyu. Tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge mwezi wa Mei, likitaja siku ya mwisho na saa, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Anayengoja Waziri asome bajeti mwezi wa Juni ndipo ashike kalamu hukuta Kamati ya Fedha ya Bunge imeshafunga mlango.

Pakua Mswada wenyewe, usitegemee vipande vinavyosambazwa WhatsApp. Utaona haueleweki ukiwa peke yake, kwa sababu umejaa “futa maneno haya, weka yale”. Fungua kando yake sheria inayorekebishwa: ya ushuru wa mapato, ya VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), ya ushuru wa bidhaa, au ya taratibu za ushuru. Zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Wengi hukosea hapa kwa kuchanganya nambari. Kifungu cha 30 cha Mswada huenda kinarekebisha kifungu cha 5 cha sheria. Taja vyote viwili, la sivyo msomaji wa kamati atakwenda kutafuta kitu kisichokuwepo. Maelezo ya malengo yaliyo mwishoni mwa Mswada husaidia kupata picha, ila kumbuka yameandikwa na upande unaotaka upite. Angalia pia tarehe za kuanza kutumika, maana si vifungu vyote huanza Julai.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye VAT. Bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia sufuri na bidhaa iliyosamehewa VAT zinafanana kwenye risiti, kwani mnunuzi wa zote mbili haoni ushuru. Tofauti iko kwa mtengenezaji. Kwenye asilimia sufuri, mwoka mikate hurudishiwa VAT aliyolipa kwenye karatasi za kufungia, stima na vipuri. Kwenye msamaha harudishiwi, kwa hiyo anaitia ndani ya bei. Chukua mkate wa shilingi 65, tuseme gharama zake zinazotozwa VAT ya asilimia 16 ni shilingi 20 kabla ya VAT yenyewe. Ukihamishiwa kwenye msamaha, mwoka anabaki na shilingi 3.20 zisizorudishwa, na bei inasogea kuelekea shilingi 68. Ukitozwa asilimia 16 kamili, unaongezeka shilingi 10.40. Kwa hiyo ukisikia mwanasiasa anajigamba kwamba bidhaa fulani “imesamehewa”, uliza kwanza ilikuwa wapi kabla ya kusamehewa.

Sasa suala la haki. Katiba, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kuandika “ushuru huu ni dhuluma” hakumsaidii mtu. Piga hesabu ya nani analipa sehemu gani ya kipato chake. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 50,000 hukatwa 3,000 za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), bima ya afya ya SHA (mamlaka ya afya ya jamii) 1,375 (asilimia 2.75) na ada ya nyumba 750 (asilimia 1.5). Makato hayo matatu huondolewa kabla ya PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, hivyo kinachotozwa ni 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30: jumla 8,245.85. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE inakuwa 5,845.85. Mkononi anabaki na 39,029.15. Pendekezo lolote jipya la PAYE lipitishe kwenye hesabu hii na uandike mstari wa mwisho unabadilika kwa shilingi ngapi.

Bima ya afya nayo inaonyesha vizuri jinsi kiwango kimoja kinavyowabana watu kwa namna tofauti. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mtu wa kipato cha 5,000, hiyo ni asilimia 6, na kila aliye chini ya takriban 10,909 analipa zaidi ya asilimia 2.75. Hoja nzuri sana, lakini mchango huo uko kwenye sheria ya bima ya afya ya jamii. Ukiupeleka kwa kamati wakati Mswada wa Fedha haugusi sheria hiyo, utaambiwa uko nje ya Mswada.

Wafanyabiashara wa masoko kama Gikomba na Muthurwa jijini Nairobi waangalie ushuru wa mauzo. Unahusu mauzo ya zaidi ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, ambayo ni kama 2,740 kwa siku, na hukatwa kwenye mauzo, faida iwepo isiwepo. Anayeuza nyanya kwa faida nyembamba anaumia kuliko muuza viatu mwenye mauzo sawa na yake. Andika hesabu ya duka moja kwa mwezi mmoja: mauzo, gharama, kinachobaki, ushuru.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Anza na jina lako na kazi au kikundi chako, kisha jedwali la safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Ripoti ya kamati nayo hupangwa karibu hivyo, kwa hiyo unamrahisishia kazi anayeiandaa. Kwenye safu ya pendekezo usiandike “tunapinga” peke yake. Andika: “Kifungu cha fulani kifutwe,” au “kiwango kibaki asilimia kadha.” Kiswahili kinaruhusiwa, ni lugha rasmi ya Bunge chini ya kifungu cha 120 cha Katiba. Swali ambalo Hazina ya Taifa huuliza daima ni pengo litazibwa na nini. Ukiweza, onyesha matumizi ya kupunguzwa kutoka ripoti za Msimamizi wa Bajeti au Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, lakini barua ya matumizi ipeleke kwa Kamati ya Bajeti. Kamati ya Fedha hushughulikia ushuru.

Elekeza kwa Karani wa Bunge la Taifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo. Ukiipeleka mwenyewe Majengo ya Bunge, beba nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usihangaike na seneta. Mswada wa Fedha hujadiliwa na Bunge la Taifa. Nakala kwa mbunge wako inafaa, maana ndiye atakayepiga kura.

Maelfu ya barua zinazofanana neno kwa neno huonyesha hasira, na hasira nayo ina uzito wake, lakini kifungu hufutwa kwa hoja inayokitaja. Shinikizo na hoja husaidiana: Juni 2024 kamati iliondoa VAT ya mkate na ushuru wa magari wa asilimia 2.5, na bado maandamano yakaendelea hadi Rais akakataa kutia sahihi Juni 26. Mwaka 2025 kamati ilikataa pendekezo la kuipa KRA (mamlaka ya kukusanya ushuru) njia ya kuingia kwenye data za wateja wa biashara.

Ripoti ya kamati ikiwekwa mezani, tafuta kifungu chako na uone kama jina lako limo. Kisha usifunge faili. Baada ya Mswada wa 2024 kuanguka, sheria nyingine ya marekebisho ya ushuru ilianza kutumika Desemba 27 mwaka huohuo, ikiwa na baadhi ya mapendekezo yaleyale. Hoja ya Mei huenda ikahitajika tena Novemba, ukibadilisha nambari za vifungu tu.