Gari-nyumba la zamani: anza na paa, injini itasubiri

Shemeji yangu alinunua gari-nyumba la mwaka 1986 lililokuwa limeegeshwa chini ya mti kwa miaka tisa. Siku niliyokwenda kulitazama nilimkuta kashajilaza chini ya injini, uso umejaa grisi, betri mpya iko pembeni bado ndani ya boksi. Nikamwomba tuingie ndani kwanza. Nilibonyeza ukuta wa juu ya kitanda kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye sponji iliyolowa. Akanyamaza. Injini hatukuigusa tena kwa wiki tano.

Namwandikia mtu aliye pale alipokuwa shemeji siku ile. Mengi ya magari haya, yawe ya Ulaya yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato au Mercedes, yawe yale marefu ya Marekani, yana mbavu za mbao zilizovishwa bati la alumini au faibaglasi, na katikati kumejazwa povu gumu la kuzuia joto. Maji yakishapenya humo hayana pa kutokea. Injini mbovu unaing'oa na kuweka nyingine. Ukuta uliooza unakudai gari zima. Yapo machache yaliyojengwa tofauti, kama GMC Motorhome ya 1973 hadi 1978 yenye mbavu za alumini, lakini usihesabu kwamba utaangukia bahati hiyo.

Hatua ya 1: Gonga, bonyeza, pima

Shika bisibisi kichwa chini, ugonge ukuta wa ndani kwa mpini wake kila baada ya shubiri moja. Mbao kavu hulia ko, ko, ko. Iliyooza hulia bu. Tilia mkazo pembe zote za paa, chini ya madirisha, ndani ya makabati ya juu, na sakafu ya karibu na mlango. Kipima unyevu cha pini mbili nakipenda kuliko kile cha kubandika tu, japo kinaacha vitundu. Kichome ndani ya kabati pasipoonekana. Mimi nikisoma chini ya asilimia 15 naendelea na safari. Kati ya 15 na 20 naweka alama ya penseli na tarehe, nirudi mwezi ujao. Ikipita 30, naanza kutafuta nyenzo ya kufungulia ukuta.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanakoingilia

Hapa ndipo nilipopoteza likizo nzima, kwa hiyo nivumilie.

Gari langu la kwanza lilikuwa na doa la kahawia kwenye kona ya dirisha la jikoni. Akili ya kawaida inasema dirisha linavuja. Nikaliziba kwa silikoni. Mvua ikanyesha, doa likarudi. Nikaongeza silikoni. Likarudi. Mara ya tatu nililing'oa dirisha zima, nikalirudisha, na mvua iliyofuata nikakaa ndani na tochi nikiliangalia doa likiongezeka taratibu kama linanicheka. Kosa lilikuwa kwenye boliti moja ya keria ya juu ya paa, karibu mita mbili kutoka pale. Maji yaliingia kwenye tundu la boliti, yakafuata ubao wa paa, yakashuka na ubavu wa kwanza yaliokutana nao, na ubavu huo ulikuwa wa dirisha. Na kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa pua juu, yalirudi nyuma. Lingeegeshwa pua chini, doa lingetokea juu ya dereva, nami ningeng'oa kioo cha mbele.

Kwa hiyo doa linakuambia maji yalipotokezea tu. Yalikoingilia utapatafuta kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mpira wa maji, na siri yake ni kuanza chini. Lowesha sehemu ya chini ya ukuta kwa dakika kumi, mtu mwingine akiwa ndani na tochi, ndipo upande juu kidogo, dakika kumi tena, hadi ufike paa. Ukianza juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Usitumie mashine ya kuoshea magari yenye presha. Hiyo hupenyeza maji hata kwenye mshono mzima, kisha unashughulika na ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Njia ya pili ndiyo ninayoiamini: kulijaza gari upepo. Chukua feni ya sanduku au kipulizia hewa, kifunge kwenye tundu la dirisha la paa kwa kadibodi na tepu, kikivuta hewa ya nje na kuisukuma ndani. Funga milango na madirisha. Mwaga maji kidogo kwenye sinki na bafu ili mitego ya mabomba, yale mapindo yanayobaki na maji, isipitishe hewa. Kisha chukua chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya vyombo, ulipulizie gari kwa nje, mshono baada ya mshono. Penye tundu pataota povu. Kwenye boliti ile ya keria lilitoka puto moja dogo, likapasuka, likatoka jingine, kama samaki anapumua. Nilikaa juu ya ngazi nikalitazama kwa muda usio na sababu.

Tahadhari zake ni nyingi, na zote nilizijua kwa kukosea:

Zima kila chenye moto, hata kimuli kidogo cha friji, na funga mtungi wa gasi.

Sakafuni na kwenye kabati la mtungi kuna matundu ya makusudi ya kutolea gasi. Utayaziba kwa tepu wakati wa jaribio, la sivyo upepo wote utaponyokea hapo. Tumia tepu ya rangi kali, andika idadi ya matundu mkononi mwako, na usiondoke kabla hujayafungua yote. Gasi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, na matundu hayo ndiyo njia yake pekee ya kutokea.

Usitafute presha kubwa. Ukiona dirisha la plastiki linabenuka, umezidisha.

Fanya asubuhi au jioni. Kwenye jua kali sabuni hukauka kabla haijasema kitu.

Na usishangilie povu la kwanza. Zungusha alama ya kalamu, endelea. Gari la shemeji lilikuwa na matundu kumi na moja, manne kati yake kwenye ngazi ya nyuma peke yake.

Hatua ya 3: Kausha kabla ya kuziba

Ukiziba gari lililolowa umefungia maji ndani. Lifunike kwa turubai iliyoinuliwa kidogo ili hewa ipite, fungua ukuta kwa ndani penye unyevu, washa kikausha hewa, na usubiri namba za kipimo zishuke. Ubao unaomeguka kwa kucha ukate hadi ufikie mzima, uunge mwingine. Vile vimiminika vya kugandishia mbao iliyooza mimi sivitaki kwenye ubavu unaobeba uzito. Kwenye fremu ya kabati, haya.

Hatua ya 4: Ziba, na weka silikoni mbali

Silikoni huacha utando wa mafuta ambao hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni nyingine. Ile inayonuka siki hutoa asidi, na bati haliipendi. Kila gari la zamani ninaloletewa lina tabaka tatu au nne za silikoni, kila moja ya mmiliki wake, na kazi ya kuikwangua ni kubwa kuliko kazi ya kuziba. Kwenye bafu la nyumbani itumie upendavyo.

Ninachotumia ni utepe wa butili, ile bidhaa ya kijivu au nyeusi inayonata kama bigijii iliyotafunwa. Haukauki, kwa hiyo gari likijinyonga barabarani nao unajinyonga nalo.

Kwenye kona kuna mikanda ya alumini. Vuta ule ufito wa plastiki uliofunika skrubu, fungua skrubu, toa mkanda. Skrubu nyingi zitakuwa za chuma cha kawaida na zimeoza, kwa sababu chuma na alumini vikilowa pamoja vinakulana. Iliyogoma ipashe kichwa kwa pasi ya kulehemu waya, kisha ujaribu tena. Kwangua gundi ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki huku ukiipasha kwa draya ya nywele. Kisu cha chuma kitachana bati. Malizia kwa kitambaa na spiriti. Nina jaribio langu: bandika tepu ya karatasi, uivute. Ikitoka kirahisi, bado pana mafuta.

Matundu yaliyopanuka yajaze kijiti na epoksi, toboa upya, tumia skrubu zisizoshika kutu. Laza utepe bila kuuvuta, rudisha mkanda, kaza skrubu kutoka katikati kwenda pembeni, lakini nusu tu. Acha hadi kesho. Jua litalainisha butili, itatoka pembeni, ndipo ukaze tena. Wenye haraka hukaza yote siku ya kwanza, wanaikamua butili yote nje, kisha wanasema butili haifai. Kilichozidi kikate kwa kijiti cha plastiki kilichochovywa maji ya sabuni.

Madirisha ya plastiki yana sheria yake: usiyaguse kwa spiriti wala tina ya rangi, na usiyapake gundi ya poliurethani. Yatapata nyufa nyembamba kama nywele, na dirisha la gari la umri huo kulipata ni shughuli.

Hatua ya 5: Matairi

Soma umri wake. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000. Usibishane nalo. Magari haya husimama sana, kwa hiyo meno hubaki marefu huku mpira umeshakufa; yakifika miaka saba mimi nabadilisha, meno yakiwepo yasiwepo. Nunua yenye uwezo wa uzito ulioandikwa kwenye kitambulisho cha gari, badilisha na valvu zake, na kama nyuma kuna matairi pacha, ingia uvunguni uangalie lile la ndani.

Hatua ya 6: Breki, mafuta, injini

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 (hapa ni daraja la mafuta ya breki, si DOT ya tairi) ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishakunywa maji kiwango chake hushuka hadi karibu 155, na gari la tani tatu likiteremka mlima hufika huko. Kanyagio linazama bila kugusa kitu. Mwaga yote, jaza mapya, toa upepo, rudia kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na nyingine, 5.1 ni jamaa wa DOT 4. Mipira ya breki badilisha yote bila kuikagua.

Mipira ya petroli pia. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli huitafuna mipira ya zamani. Kwa wenye Volkswagen za injini ya nyuma hili ni la kwanza kabisa: petroli hudondokea injini ya moto, na kasha la baadhi ya injini hizo lina magnesi, ambayo ikishika moto haizimiki kwa maji.

Injini yenyewe: toa plagi, weka oili kidogo kwenye silinda, zungusha kwa mkono, badilisha oili na mkanda wa taimingi, washa. Mafundi wa injini ni wengi.

Hatua ya 7: Gasi

Hii mpe fundi mwenye kibali. Wewe angalia tarehe iliyopigwa kwenye mpira wa gasi, na usibadilishe regyuleta ovyo: baadhi ya magari ya zamani ya Ulaya yana vifaa vya presha ya milibari 50, mapya ni 30. Sehemu za baridi tumia propeni, ambayo hugeuka gasi hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Buteni hugoma karibu na sifuri. Friji isiyo na mota, ile iliyobuniwa Uswidi mwaka 1922 na wanafunzi wawili, von Platen na Munters, inataka gari lisimame sawasawa. Ukiona unga wa njano mgongoni mwake au ukinusa amonia, imekwisha.

Hatua ya 8: Umeme

Betri iliyopumzika saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi, 12.2 ni nusu. Fuata kila waya ulioongezwa na wamiliki waliopita, na usiokuwa na fyuzi karibu na betri ukate leo. Ukiwasha indiketa na taa ya nyuma ikififia kwa mpigo uleule, tatizo ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Sugua kwa msasa, kaza.

Hatua ya 9: Safari ya kwanza

Pitia mizani ukiwa umejaza kila kitu. Tenki la maji la lita 100 ni kilo 100, na vyombo, godoro na watu havijaingia. Baada ya kilomita 50 simama, kaza nati za magurudumu, shika ngazi. Usikanyage paa moja kwa moja, laza ubao kwanza. Halafu pitisha kidole kwenye kila skrubu uliyofunga kwenye Hatua ya 4, hasa zile za ngazi ya nyuma.